Kutoka Bukoba Hadi Muleba: Siti ya Baiskeli na Magoti Yako

Leo tutasafiri pamoja kwa baiskeli. Tutatoka mji wa Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria, na kwenda kusini hadi Muleba. Safari hii ni zaidi ya kilomita 60. Leo barabara hii ni ya lami. Mabasi, malori na pikipiki hupita kwa kasi. Lakini pembeni mwa barabara bado utawaona watu wengi wa baiskeli. Huyu anapeleka mikungu ya ndizi sokoni. Yule anakwenda kazini. Mwingine amefunga mzigo wa nyasi za kutandaza shambani.

Baiskeli nyingi kati ya hizo ni za zamani. Baba alimwachia mtoto, au zimenunuliwa kwa mtu. Utaona Phoenix ya China, Hero ya India, na hata Raleigh ya Uingereza iliyopita mikono mingi. Fremu ni ngumu na magurudumu ni makubwa. Baiskeli hizo bado zina nguvu.

Lakini iko sehemu moja ambayo wengi hawaigusi. Ni kiti cha baiskeli, yaani siti. Mtu hununua baiskeli kwa mwenzake, hupanda na kuondoka. Siti inabaki pale pale ilipowekwa na mwenye baiskeli wa kwanza. Je, miguu yako ni sawa na miguu yake?

Katika safari hii tutaitazama siti. Tutajifunza kuipima na kuirekebisha. Kazi yenyewe haina gharama kubwa. Inahitaji spana, kamba fupi, na mtu mmoja wa kukushikia baiskeli.

KILIMA CHA KWANZA

Mji wa Bukoba uko chini, karibu na maji. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Nyuma ya mji kuna vilima. Kwa hiyo ukitoka mjini, unaanza kupanda. Unapanda kuelekea Rwamishenye, na hapo ndipo miguu inaanza kusema.

Sehemu kubwa ya nchi ya Wahaya iko hivyo. Ni matuta marefu ya ardhi, na katikati yake mabonde yenye maji. Juu ya matuta kuna vibanja, yaani mashamba ya nyumbani yenye migomba, mibuni na maharage. Kati ya kijiji na kijiji kuna rweya, yaani mbuga ya nyasi. Mwendesha baiskeli hupanda, huteremka, kisha hupanda tena.

Watazame watu wanaopanda kilima. Mmoja magoti yake yanapanda juu sana, karibu na usukani. Anasukuma pedeli kwa nguvu, lakini baiskeli inakwenda polepole. Siti yake iko chini mno. Mguu wake haupati nafasi ya kunyooka. Kazi yote inabebwa na mapaja na sehemu ya mbele ya goti. Akifanya hivyo kila siku, jioni goti linauma kwa mbele.

Mwingine anayumba juu ya siti. Nyonga zake zinashuka kushoto, kisha kulia. Anazitafuta pedeli kwa ncha za vidole. Siti yake iko juu mno. Huyu ataumia nyuma ya goti. Tena atachubuka sehemu anayokalia.

Wa tatu anakaa kwa utulivu. Miguu yake inazunguka bila kuhangaika. Huenda hana nguvu kuliko wenzake. Ila siti yake imepimwa.

KWA NINI SITI NYINGI ZIKO CHINI

Ukiwauliza watu, wengi watajibu: "Nimeishusha ili nikisimama nikanyage chini kwa miguu yote miwili."

Sababu hiyo inaeleweka. Mtu anaogopa kuanguka. Na anayejifunza kuendesha ni vizuri siti yake iwe chini kwa siku za mwanzo. Lakini mtu aliyekwisha kujua hasimami akiwa amekalia siti. Akitaka kusimama anapunguza mwendo kwa breki. Kisha anateremka mbele ya siti na kukanyaga chini kwa mguu mmoja. Au anainamisha baiskeli kidogo upande mmoja, na kugusa chini kwa ncha ya mguu.

Kumbuka jambo hili: siti hupimwa kutoka kwenye pedeli. Haipimwi kutoka ardhini. Mguu wako unafanya kazi kwenye pedeli maelfu ya mara kwa safari moja. Ardhi unaikanyaga mara chache tu.

Zamani watu hawakuwa na nafasi ya kupima hivi. Kabla ya mwaka 1885 ziliko baiskeli zenye gurudumu kubwa mno mbele. Pedeli zilifungwa kwenye gurudumu hilo lenyewe. Mwenye miguu mirefu alinunua gurudumu kubwa, na mwenye miguu mifupi alinunua dogo. Siti ilikuwa juu sana, na aliyeanguka aliumia vibaya. Mwaka 1885 John Kemp Starley, wa mji wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli iitwayo Rover. Ilikuwa na magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa, na mnyororo uliozungusha gurudumu la nyuma. Baiskeli zetu za leo zinafuata umbo hilo. Sasa baiskeli moja inaweza kutumiwa na watu wa vimo mbalimbali, mradi siti ipandishwe au ishushwe.

KYETEMA: KUPIMA UREFU

Tumefika Kyetema, kwenye njia panda. Mahali penye njia panda hapakosi fundi wa baiskeli. Anakaa chini ya mti au kibanda, na spana zake ziko juu ya gunia. Kwa fundi wa namna hiyo unaweza kusikia mazungumzo kama haya:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nitilie grisi kwenye pedeli. Baiskeli hii siku hizi imekuwa nzito."

Fundi anazungusha pedeli kwa mkono. Zinazunguka vizuri.

"Mzee, pedeli hazina tatizo. Naomba upande kidogo nikuone. Je, magoti hayakusumbui?"

"Yananiuma kila jioni. Nadhani ni uzee tu."

"Huenda uzee upo, mzee wangu. Lakini na siti nayo iko chini."

Basi tujifunze anavyofanya fundi.

Kwanza, egemeza baiskeli ukutani, au mwenzako aishike isitikisike. Vaa viatu unavyovaa safarini. Kama safarini unavaa kandambili, pima ukiwa na kandambili.

Pili, kaa juu ya siti sawasawa, usiegemee upande mmoja. Zungusha pedeli moja mpaka ifike chini kabisa.

Tatu, weka kisigino chako juu ya pedeli hiyo. Mguu unatakiwa uwe umenyooka, na kisigino kiguse pedeli bila wewe kuinama upande. Kama goti bado limekunjika, siti iko chini. Kama kisigino hakifiki, siti iko juu.

Nne, sasa weka mguu kama unavyoendesha. Sehemu pana ya mbele ya unyayo ikae juu ya pedeli. Utaona goti limekunjika kidogo tu. Hapo ndipo panapotakiwa.

Ili kupandisha au kushusha siti, legeza nati iliyo juu ya fremu, pale bomba la siti linapoingia. Zungusha siti kushoto na kulia huku ukiivuta juu au ukiisukuma chini. Kisha inyooshe, ncha yake itazame mbele, na ukaze nati.

Usipandishe sana kwa siku moja. Kama siti ilikuwa chini kwa miaka mingi, mwili umekwisha kuzoea. Pandisha upana wa kidole kimoja. Endesha siku tatu au nne. Kisha pandisha tena kidogo, mpaka ufike kwenye kipimo.

KEMONDO: MTEREMKO NA USALAMA

Kutoka Kyetema tunaendelea kusini mpaka Kemondo. Hapa kuna ghuba na bandari ya meli. Kutoka kwenye matuta ya juu tunateremka kuelekea ziwani. Upepo wa ziwa unakupiga usoni, na baiskeli inashika kasi.

Kwenye mteremko siti mbovu inaweza kukuua. Kwa hiyo angalia mambo matatu.

Jambo la kwanza ni bomba la siti. Mtu mrefu akitaka siti ipande, hulivuta bomba hilo mpaka linakaribia kutoka. Hiyo ni hatari. Bomba lililoingia kidogo tu ndani ya fremu linaweza kuvunjika, au kupasua fremu, au kuchomoka ghafla. Hakikisha sehemu iliyobaki ndani ya fremu ina urefu usiopungua upana wa vidole vinne. Baadhi ya mabomba yana mstari unaoonyesha mwisho wa kupandisha. Mstari huo usionekane nje. Kama bomba ni fupi kwako, tafuta bomba refu zaidi la siti. Usikubali kuungiwa kipande cha bomba la maji, maana huna hakika ya nguvu yake.

Jambo la pili ni kukaza. Siti inayocheza au kuzama polepole haifai. Wengi huweka kipande cha bati la kopo ili bomba lishike. Bati hilo linaweza kukufikisha nyumbani, lakini si dawa ya kudumu. Tafuta bomba lenye unene unaolingana na fremu.

Jambo la tatu ni ncha ya siti. Siti ikae sawa, kama meza. Ncha ikiwa juu sana itakuchoma sehemu za siri na kukutia ganzi. Ncha ikiwa chini sana, utateleza mbele kila mara. Utalazimika kujizuia kwa mikono, na vifundo vya mikono na mabega vitauma. Kwenye mteremko utaelemea usukani, na ukifunga breki ya mbele ghafla unaweza kupinduka.

Kurekebisha ncha, legeza nati zilizo kushoto na kulia chini ya siti. Kibano cha siti kina meno madogo yanayoshikana. Legeza, inua au inamisha siti kidogo, kisha kaza pande zote mbili kwa zamu. Kama meno yamekwisha kulika, siti itainama hata ukikaza namna gani. Badilisha kibano hicho.

Ukibeba mzigo mkubwa au mtu kwenye keria, unaweza kushusha siti kidogo, kama upana wa kidole kimoja. Hapo unahitaji kukanyaga chini upesi baiskeli ikiyumba. Na mteremko ukiwa mkali na mzigo ni mzito, shuka uikokote baiskeli. Kufika umechelewa ni bora kuliko kutofika.

MUHUTWE NA IZIGO: MBELE NA NYUMA

Baada ya Kemondo tunafika Muhutwe. Sasa tumeingia wilaya ya Muleba. Hapa kuna njia inayopanda kwenda Kamachumu, kwenye uwanda wa juu, na huko Kamachumu ndiko iliko hospitali ya Ndolage. Sisi tunafuata barabara kubwa, tunapita Izigo.

Safari sasa imekuwa ndefu. Tumekaa muda mrefu juu ya siti. Hapa ndipo utajua kama siti imekaa mbele mno au nyuma mno. Ikiwa mbele mno, goti linasukumwa mbele ya pedeli na kuumia. Ikiwa nyuma mno, unanyoosha mikono kuutafuta usukani, na mgongo unachoka.

Pima hivi. Kaa juu ya siti huku mwenzako ameshika baiskeli. Zungusha pedeli mpaka zilingane, moja iwe mbele na nyingine nyuma, kwa usawa mmoja. Funga kijiwe kwenye kamba, kama timazi ya mwashi. Mwenzako aweke kamba chini kidogo ya pia ya goti lako la mbele, aiache ining'inie. Kijiwe kikianguka karibu na katikati ya pedeli, siti iko mahali pake. Kikianguka mbele ya pedeli, rudisha siti nyuma. Kwa baiskeli zetu za zamani, ambazo mtu hukaa wima, kijiwe kikianguka nyuma kidogo ya katikati si vibaya.

Kusogeza siti mbele au nyuma, legeza nati zile zile za kibano. Na ukimaliza, pima urefu upya. Siti ikirudi nyuma, pedeli inakuwa mbali zaidi na wewe. Ikija mbele, pedeli inakuwa karibu.

NYUMBA MOJA, BAISKELI MOJA

Sasa tuseme juu ya jambo linalowahusu wengi. Baiskeli ya kijijini si ya mtu mmoja. Asubuhi baba anakwenda nayo kazini. Mchana mama anapeleka ndizi sokoni au mtoto zahanati. Jioni kijana anakwenda nayo dukani. Baba ni mrefu, mama ni mfupi, na kijana bado anakua. Siti ikibaki mahali pamoja, wawili kati ya hao wataumia.

Dawa yake ni alama. Kila mtu apimwe mara moja. Kisha chora mstari mwembamba kwa msumari juu ya rangi ya bomba la siti, usichimbe chuma. Mstari wa chini uwe wa baba, wa katikati wa kijana, wa juu wa mama. Anayechukua baiskeli analegeza nati, anaweka siti kwenye mstari wake, anakaza. Kazi hiyo ni ya dakika mbili. Spana ifungwe kwenye baiskeli yenyewe ili isipotee. Kwa mtoto anayekua, mstari wake upimwe tena kila baada ya miezi michache.

Ziko nyumba ambazo siti hupimwa kwa baba tu, na wengine hujibana. Ndugu msomaji, mama anayebeba mkungu wa ndizi kilomita 10 ana magoti kama ya baba. Mpimieni na yeye.

Wakati mwingine fremu yenyewe ni ndefu mno. Siti imeshuka mpaka mwisho, na bado kisigino hakifiki. Hapo siti haina kosa. Mtu huyo anahitaji baiskeli yenye fremu ndogo, au ile ya kike isiyo na bomba la juu.

MVUA NA KUTU

Kagera ni mkoa wa mvua nyingi, hasa pande za ziwa. Mvua huleta kutu. Bomba la siti ambalo halijaguswa miaka mingi linaweza kuganda ndani ya fremu. Usiligonge kwa nyundo, maana utapasua fremu. Legeza nati kabisa. Tia mafuta ya taa au dizeli pale bomba linapoingia. Acha usiku mzima. Asubuhi shika siti na kuizungusha kushoto na kulia. Kama haijalegea, tia tena, usubiri. Ikitoka, futa kutu, pakaa grisi bomba lote, ndipo ulirudishe.

Siti ya ngozi isiachwe kwenye mvua. Ngozi ikilowa sana na kukaliwa ikiwa bado mbichi, inabonyea katikati na kupoteza umbo lake. Ifunike kwa kipande cha turubai. Ikilowa, ianike kivulini. Usiikaushe kwenye moto.

TUMEFIKA MULEBA

Sasa tunaingia Muleba. Wilaya hii ina nchi kavu na visiwa vingi ziwani, kama Bumbire na Goziba. Watu wa visiwani hufika kwa mitumbwi na boti. Watu wa vijijini hufika kwa miguu, kwa pikipiki na kwa baiskeli. Kila mmoja ana mzigo wake na shughuli yake.

Shuka kwenye baiskeli, ujiulize: je, goti linauma? Likiuma kwa mbele, jaribu kupandisha siti kidogo. Likiuma kwa nyuma, jaribu kuishusha kidogo. Mikono ikifa ganzi, tazama ncha ya siti. Lakini kama goti limevimba, lina joto, au linauma hata ukiwa umelala, usiilaumu siti peke yake. Nenda zahanati.

Mkulima anaishi kwa mikono na miguu yake. Jembe likivunjika, atanunua lingine. Goti likiharibika, halinunuliwi sokoni. Basi kesho asubuhi, kabla ya kupanda baiskeli, mwite mtu mmoja akushikie, uweke kisigino juu ya pedeli.

MASWALI YA KUJADILI

1. Siti ya baiskeli hupimwa kutoka wapi, ardhini au kwenye pedeli? Kwa nini?

2. Bomba la siti likivutwa juu mno, kuna hatari gani?

3. Nyumbani kwako baiskeli inatumiwa na watu wangapi? Nani kati yao hajapimiwa siti?

4. Ukisogeza siti nyuma, unatakiwa upime nini tena?